Mshono wa Maman Madeleine

Kwa miaka ishirini na moja Madeleine alikuwa ameshona midomo ya magunia ya watu wanaosafiri, na yeye mwenyewe hakuwa amefika mbali kuliko Nyantende alikozaliwa, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Kigoda chake kilikaa pale ambapo njia ya soko la Kadutu, mjini Bukavu, inaanza kuteremka, kati ya wauza makaa na bwana mmoja anayetengeneza redio. Mteja alileta gunia la maharage, la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zilizokaushwa, la unga, la chochote ambacho ndugu aliyeko Kinshasa anaamini hakipatikani Kinshasa. Madeleine alikunja mdomo wa gunia mara mbili, akachoma, akavuta, akachoma, akavuta. Kazi ya dakika nne. Alipomaliza, fundo halikuonekana kwa sababu lililala ndani.

Mshono wenyewe ulijulikana. Nyuzi mbili za nailoni ya bluu zilipishana kama mikono ya mtu aliyekasirika. Kuufungua ilibidi kuukata, na ukishaukata huwezi kuurudisha. Ndivyo watu walivyoamini, na katika mji ambapo hata tangazo la kurudi kwa umeme husomwa kama kichekesho, ilipendeza kuwa na kitu kimoja cha kuamini. Mtu aliyepeleka gunia lake uwanja wa ndege likiwa na mshono wa Mado, kama wateja walivyomwita, alirudi nyumbani akalala.

Ndiyo maana mambo yalipoharibika hakuna aliyeushuku mshono. Walimshuku Madeleine.

Ilianza mwaka 2018, binti yake Joviale alipoolewa Kinshasa na Josué, kijana wa familia iliyotoka zamani Bagira, mtaa mwingine wa Bukavu. Mama yake Josué anaitwa Priscille. Aliondoka Bagira na watoto watatu, masufuria, na kumbukumbu kamili ya namna mambo yanavyotakiwa kufanywa. Kila Noeli Madeleine alituma kwao gunia la maharage la kilo ishirini na tatu, maana hizo ndizo kilo ambazo kampuni ya ndege inamruhusu abiria mmoja, akalikabidhi kwa msafiri yeyote aliyekubali kulibeba. Na kwa Priscille gunia la mkwe halifunguliwi jikoni. Linaletwa sebuleni, linawekwa karibu na beseni kubwa la alumini, watu wanakaa, linamwagwa. Beseni linatakiwa lijae mpaka punje za juu zianguke sakafuni. Zile zinazoanguka ndizo heshima. Zinazobaki ni chakula tu.

Miaka minne mfululizo hakuna punje iliyoanguka.

Mwaka wa kwanza Priscille alinyamaza. Wa pili alicheka. Wa tatu alituma ujumbe wa sauti, kwa upole kabisa: "Maman Joviale, nilikuwa nalomba tu kujua. Kilo ya Bukavu, siku hizi iko na gramme ngapi?" Mwaka wa nne alimwambia Joviale, sebule ikiwa imejaa mashemeji, kwamba mama anayekula ndani ya gunia la mtoto wake ni mtu wa kuombewa misa. Gunia lilifika limefungwa, mshono wa bluu haujaguswa. Nani basi alilipunguza, kama si yule aliyelishona?

Madeleine alimnunia Mugisho, mwenye mizani ya sokoni, kwa miezi sita. Mugisho hakuwa na kosa na hakuwahi kuelewa ananuniwa kwa nini. Halafu Josué, ambaye alikuwa amechoka kula chakula cha jioni pamoja na habari za maharage, alimnunulia mama mkwe wake tiketi. "Akuye yeye mwenyewe," alisema, "na saki yake," yaani gunia. Ilikuwa Desemba 2022, wakati ndege bado zilikuwa zinapaa kutoka kwetu, kabla ya vita kufunga uwanja.

Kwa hiyo safari ile ilikuwa na shabaha moja. Gunia lifike limejaa, limwagwe mbele ya Priscille, punje zianguke sakafuni. Kulikuwa na mjukuu wa kumwona pia, bila shaka, lakini mjukuu hakuwa amemwita mwizi.

Maharage yalitoka shamba la kaka yake Nyantende, madogo, ya njano, aina moja tupu. Aliyachambua siku mbili. Alipima kwenye mizani tatu tofauti, ya Mugisho ikiwemo, bila kumsalimia. Ishirini na tatu, ishirini na tatu, ishirini na tatu. Akashona, akaandika jina la Joviale kwa marker nyeusi, na tarehe 23 alfajiri akapakia gunia kwenye gari la watu.

Uwanja wa ndege siku mbili kabla ya Noeli ni mahali ambapo watu wa Bukavu hukutana na wale wote waliokuwa wanawakwepa mwaka mzima. Foleni ilianzia nje, ikaingia mlangoni, ikajikunja ndani ya ukumbi, kisha kwa sababu za kiutawala ikatoka tena nje. Kulikuwa na mashine ya kuangalia mizigo. Ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa chenye nyota za Noeli, na juu yake walikuwa wamepanga chupa za maji. Kwa kuwa mashine haikufanya kazi, kazi ilifanywa na wembe.

Meza zilikuwa tatu. Ya kwanza, watu wa usalama: kujua kama ndani ya maharage kuna silaha. Ya pili, watu wa afya: kujua kama maharage yanaumwa. Ya tatu, watu wa ubora: kujua kama maharage ni mazuri. Swali la kujua maharage ni ya nani halikuwa na meza.

Madeleine alifika meza ya kwanza saa nne kasoro, baada ya saa tatu za kusimama. Mkubwa wa pale aliitwa Alphonse, mwanaume mnene mwenye jaketi la njano linalong'aa, mwenye sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo.

"Maman, fungua."

"Imeshonwa, chef."

"Ninaona. Njo maana nasema fungua."

"Haifunguke. Inakatwa tu."

"Basi tunakata."

Akapitisha wembe. Madeleine alikuwa ameshona maelfu ya magunia na hakuwahi hata siku moja kusikia mshono wake ukikatika. Ni sauti fupi, kavu. Alphonse aliingiza mkono mpaka kiwiko, akakoroga, akautoa. Silaha hakuna. Ndipo akachukua bakuli la plastiki, akalizamisha, akalitoa limejaa mlima, akalimwaga ndani ya beseni lililofichwa chini ya meza.

"Hiyo ni nini?"

"Échantillon," alisema Alphonse. Sampuli.

"Ya kufanya nini?"

"Ya kuangalia."

"Si umeshaangalia?"

"Niliangalia kwa macho. Sasa banaenda kuangalia kiteknik."

Nyuma ya Madeleine alisimama bwana mmoja aitwaye Hervé, akiwa na kadi ya kazini shingoni ingawa alikuwa likizoni. Shirika lake hufundisha wananchi kudai haki zao. Ana shahada ya jambo hilo. "Maman, avancez," alisema, yaani asogee mbele. "Tuko bengi."

"Colombe," aliita Alphonse, "shonea maman."

Kati ya meza ya kwanza na ya pili, juu ya bidon, dumu la njano, alikaa mwanamke mwenye mpira wa uzi wa bluu mapajani. Aliinua uso.

"Maman Mado," alisema. "Ni wewe kweli?"

Akasimama, akamgusa paji la uso kwa paji la uso, mara tatu, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Mwaka 2015 padri alimwomba Madeleine awafundishe kazi wanawake wa parokia, na yeye akafundisha wanawake kumi na wawili, Jumamosi tatu, bure. Colombe ndiye aliyeshika haraka kuliko wote. Baadaye Madeleine alisikia amepata kazi uwanjani, kazi ya ndani, yenye paa. Alimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Colombe alikunja mdomo wa gunia mara mbili. Akachoma, akavuta. Dakika tatu, si nne. Nyuzi mbili za bluu zikapishana, fundo likalala ndani. Madeleine aliutazama mshono ule kama mtu anayekutana na uso wake mwenyewe kwenye bega la mwingine. Kuna mambo mtu huyaelewa mara moja, halafu anajipa dakika chache za kutoyaelewa.

Meza ya pili ilikuwa hatua mbili mbele.

"Fungua, maman."

"Chef, bamefungua sasa hivi. Pale. Uliona na macho yako."

"Ile ni service ingine. Kwetu hapa, saki ya kushonwa ni saki haijaangaliwa."

"Basi ungeiangalia kabla bashone."

"Saki wazi siwezi pokea." Mtu wa afya alikuwa mwembamba na mvumilivu. "Kitu kikipotea ndani, responsabilité itakuwa ya nani?"

Hoja hiyo haikuwa na ufa wowote. Wembe ukapita, bakuli likazama, likatoka na mlima wake. Colombe akasogeza bidon yake hatua moja, akaanza kushona kwa mara ya pili huku anazungumza, kwa raha ya mtu aliyekutana na mwalimu wake.

"Mi kila Noël natambuaka saki yako, maman. Naona jina ya Joviale juu, na marker. Ya bengine nashona mbio mbio. Yako nashona pole pole, juu ni ya mwalimu."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu nilianza hapa. Hii ni Noël ya tano."

"Na hawa banakamataka kila mara?"

"Échantillon? Eh, hiyo ni ya lazima. Lakini karibu na sikukuu inakuwaka kubwa kidogo."

Ni kweli. Sayansi hupata njaa karibu na sikukuu.

"Na wewe unashona," alisema Madeleine, "ili isionekane."

"Ili mutu asipate haya kule anaenda, maman. Si wewe njo ulitufundisha? Saki ifike sawa vile haikupata shida mu njia." Alilisema hilo akiinua uso, akingoja kusifiwa.

Madeleine hakumsifu. Mabeseni manne. Ujumbe wa sauti wa Priscille. Miezi sita ya kumpita Mugisho bila kumsalimia. Angeweza kuvumilia kuibiwa, watu wote wanaibiwa, mtu anaibiwa akiwa anaomba rozari. Lakini kila mwaka waliiba, kisha wakaweka saini yake chini.

Meza ya tatu ilifanya kama zile mbili. Mtu wa ubora alionja punje moja mbichi, akaitema, akasema "iko bien," akachota bakuli mbili, labda kwa sababu ubora ulikuwa umemridhisha. Colombe akashona. Gunia likaburutwa hadi kwenye mizani ya kampuni ya ndege, ambako kijana nadhifu aitwaye Xavier aliandika namba bila kumtazama mtu.

"Dix-huit virgule quatre," alisema Xavier. Kilo kumi na nane na kidogo. Akatabasamu. "Maman, uko na bahati. Bengine hapa banalia juu ya kilo za ziada, na wewe ungali na kilo ine na nusu ya kuongeza."

Xavier hakuwa na kosa. Alikuwa mtu wa kwanza asubuhi hiyo kumwambia ukweli, na alikuwa amemwambia kama zawadi.

Madeleine alishika gunia kwa pembe zake mbili akalishusha kutoka kwenye mizani. Akalivuta kinyume cha foleni, watu wakipisha huku wanalalamika, mpaka mbele ya meza ya kwanza. Akaliweka pale palipokuwa panapitwa na kila mtu, akalikalia.

Foleni ikasimama.

"Maman," alisema Alphonse, "iko shida gani?"

"Hakuna shida. Nangojea matokeo."

"Matokeo gani?"

"Ya échantillon. Mulikamata hapa, mukakamata pale, mukakamata na pale. Kilo ine na nusu. Mi nataka kujua, maharagi yangu iko mugonjwa ao iko muzima? Kama iko mugonjwa, siwezi pelekea bakwe. Kama iko muzima, murudishe."

Mtu fulani nyuma akacheka. Kicheko kikatembea foleni nzima, kikatoka nje, kikarudi.

"Matokeo inakawiaka, maman."

"Hakuna neno. Nimekaa."

Alipokuwa amekaa hakuna mzigo uliopita. Meza ya kwanza ikakosa kazi, kisha ya pili, kisha ya tatu. Ukumbi ukaanza kupiga kelele, na kama inavyokuwa siku zote, kelele zilimwendea yule aliyekuwa chini. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, ambaye gunia lake lilikuwa limechotwa muda huohuo, alisema amesimama tangu saa moja. Mwingine alisema kuna watu wanapenda kujionyesha. Hervé akajongea mbele, akasema kwa upole wa semina:

"Maman, unatukawisha. Il y a des procédures. Kama hauko content, unaandika barua."

"Papa, wewe kazi yako ni nini?"

"Niko mu ONG. Droits humains."

"Ah," alisema Madeleine. "Basi pole na kazi."

Safari hii kicheko hakikutembea, kililipuka palepale. Hervé akagundua kuna jambo la lazima la kusoma kwenye simu yake.

Alphonse hakuwa mtu mbaya, au tuseme hakuwa mbaya kuliko kiti chake. Aliona saa ukutani, aliona foleni, akafanya kile ambacho mkubwa mwenye busara hufanya. Akavuta beseni kutoka chini ya meza. Lilikuwa limejaa maharage ya rangi zote: ya njano, meupe, mekundu, meusi, yenye madoa kama mayai ya kware. Asubuhi nzima ya watu wote ilikuwa mle.

"Colombe, fungulia maman saki yake. Mujazie. Aongeze mpaka atosheke, atuache tutumike."

Colombe alikata mshono wake mwenyewe bila kusita, akachota bakuli.

Madeleine alisimama. Hapo ndipo jambo lilipokuwa gumu, na itakuwa uongo kusema halikuwa gumu. Bakuli nne, na gunia limejaa. Kesho yake beseni la Priscille lingefurika, punje zingeanguka sakafuni, miaka minne ingefungwa mdomo. Nani angeuliza rangi? Maharage yakishaiva yote ni kahawia. Alilitazama bakuli mkononi mwa Colombe, akatazama mdomo wa gunia uliokuwa wazi, na watu wa karibu waliona mkono wake ukipanua mdomo huo kidogo, ili bakuli lipite.

Kisha yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasema, si kwa sauti kubwa, "Ile nyeupe ni yangu."

Madeleine akaufunga mdomo wa gunia kwa kiganja.

"Tosha," alimwambia Colombe. "Hiyo si yangu."

"Maman, yako iko mule mule," alisema Alphonse. "Ilichanganyika. Maharagi ni maharagi."

"Yangu ni ya njano."

"Sasa unataka tuchague moja moja? Leo?"

"Chef, miaka ine baliniita mwizi bure. Leo unataka nifike na sababu?"

Alphonse alirudisha beseni chini ya meza. Colombe, aliyekuwa amekwisha kulimwaga bakuli lake mle, alijaribu kusaidia kwa njia pekee aliyoijua. Akainama, akachukua uzi.

"Basi acha nifunge, maman. Nitashona muzuri. Hakuna mutu atajua."

"Usiguse."

"Maman, ulinikasirikia?"

"Hawa banakamata maharagi, Colombe. Wewe njo unafunga mulango nyuma yao." Alisema kwa sauti ya chini, na ilikuwa mbaya kuliko kama angepaza. "Miaka ine bakwe banaangalia mushono, banasema: haikuguswa, ni yeye. Na kweli ilikuwa ya kwangu. Nilikupatia bure."

Colombe alikaa juu ya bidon yake. Midomo ilitaka kusema kitu kuhusu watoto wake wanne, na karo, na kwamba hata yeye hapati chochote kwenye mabeseni yale isipokuwa bakuli moja siku ya Ijumaa. Yote yalikuwa kweli na Madeleine aliyajua. Alitoa sindano yake kubwa kwenye kitenge, akamwomba mwanamke mwenye mtoto kamba nyekundu iliyobaki kwenye mzigo wake, akapiga magoti.

Akashona. Ulikuwa mshono mbaya kuliko wote aliowahi kushona. Hakukunja mdomo. Alichoma mbali mbali, hapa juu, hapa chini, kamba nyekundu ikiyumba kama njia ya mlevi, na kati ya tundu na tundu kidole kingeweza kupita. Mikono haikutaka. Mara mbili ilianza yenyewe kupishanisha uzi, na mara mbili alifumua akaanza upya. Fundo aliliacha nje, kubwa kama karanga.

Xavier alilitazama gunia lililorudi kwenye mizani yake. "Maman, hii ilishonwa mubaya."

"Ilifungwa ao haikufungwa?"

"Ilifungwa."

"Basi weka."

Ingefaa kusema kwamba watu waliokuwa nyuma walifuata mfano wake. Hakuna aliyefuata. Dakika tano baadaye foleni ilikuwa inatembea, wembe unapita, bakuli linazama, na Colombe anashona, bluu juu ya bluu, fundo ndani. Kila mmoja ana wakwe zake. Hervé alikuwa na katoni ya jibini, walipoikata alisema "merci."

Mlango wa mwisho kabla ya kwenda kwenye ndege ulikuwa na mwanamke mwenye glovu, ambaye alipekua kitenge cha Madeleine akapata sindano.

"Hii haipite. Ni silaha."

"Na wembe ya pale?"

"Ile ni ya service."

Sindano ikaingia kwenye ndoo, juu ya mikasi ya kucha na uma wa mtu. Alikuwa nayo tangu mwaka wa kwanza wa kazi. Madeleine alikaa kwenye benchi, mikono mitupu, akaisubiri ndege, ambayo ilichelewa saa tatu. Haraka yote ya asubuhi ile haikuwa na mahali pa kwenda.

Kinshasa, tarehe 24 mchana, sebule ya Priscille ilikuwa imejaa. Joviale alikaa ukingoni mwa kiti, mtoto mapajani, bila kumtazama mama yake. Josué alileta gunia, akaliweka karibu na beseni, akarudi nyuma haraka, kama aliyewasha kitu. Priscille alishuka kwenye kiti chake, kisu mkononi. Hakukata. Aliinama, akaangalia kamba nyekundu, akaingiza kidole kati ya tundu na tundu.

"Nani alishona hii?"

"Mimi."

"Wewe? Na sifa yote banakupatiaka?"

"Mimi. Mwaga kwanza, maman. Halafu nitakuelezea."

Wakamwaga. Maharage ya njano, aina moja tupu, yalipanda kwenye beseni, yakasimama vidole vinne chini ya ukingo. Hakuna punje iliyoanguka. Shemeji mmoja alikohoa. Madeleine akaeleza, akiwa amesimama, bila kuruka kitu: meza ya kwanza, bakuli, meza ya pili, bakuli, meza ya tatu, bakuli mbili, kilo kumi na nane. Akaeleza beseni la rangi zote, na kwamba alikuwa ameupanua mdomo wa gunia kabla hajaufunga. Akaeleza Colombe ni nani na alijifunza wapi. Ilichukua muda, na hakuna aliyemkatiza, jambo ambalo katika nyumba ile halikuwa limetokea tangu kifo cha mzee wa nyumba.

Priscille alibaki ameinama, mkono ndani ya maharage.

"Na zile za mbele, za ile miaka ine?" alisema mwishowe. "Zile zilifika zimeshonwa muzuri."

"Muzuri sana."

"Sasa mi nilikutukana miaka ine juu ya mushono muzuri."

"Ndiyo."

"Na wewe ulinyamaza. Si ungesema saki ilifunguliwa mu njia?"

Madeleine alitazama kamba nyekundu iliyokuwa sakafuni.

"Ningesema je, maman? Joviale alikuwa ananiambia mushono haikuguswa. Mimi pia nilikuwa naiamini."